Kusimamia Mkataba wa Barabara ya Wilaya: Pima Kabla Hakijafukiwa

Kazi ya barabara ni kazi ya kufukia. Fundi akijenga ukuta, unaweza kurudi baada ya mwaka ukaupima. Barabara haikupi nafasi hiyo. Udongo wa asili unafunikwa na tuta, tuta linafunikwa na kifusi, kifusi kinafunikwa na lami, na kalavati unabaki unaliona midomo tu. Ofisini nako kuna kufukia kwake: agizo la mdomo linafunikwa na wiki mbili za kazi, kikao kisicho na muhtasari kinafunikwa na kikao kingine, na siku mkaguzi anapokuja kila mtu anakumbuka lake.

Kwa hiyo mwongozo huu umeshikwa na kanuni moja. Chochote kinachokwenda kufunikwa, kipimwe, kipigwe picha, kiandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla hakijafunikwa.

Nimemlenga mhandisi aliyepewa kwa mara ya kwanza barua ya kusimamia mkataba wa barabara ya wilaya hapa Tanzania, yaani barabara zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na kuzipokea kutoka halmashauri. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na mikataba yake ni mikubwa zaidi, lakini udongo na mvua ni vilevile. Mkandarasi mdogo naye asome, kwa sababu mengi yanayomtia hasara yamo humu.

1. Soma mkataba kabla hujampigia mkandarasi simu

Wengi wetu tukishapewa barua ya uteuzi tunakimbilia jedwali la kazi na bei, ile BOQ, tukaacha masharti. Masharti ya jumla hufanana mkataba hadi mkataba. Yanayouma yako kwenye masharti mahususi, kwa kuwa huko ndiko zilikojazwa tarehe, asilimia na majina. Kaa nayo jioni mbili. Kisha chukua karatasi moja uandike mambo matatu.

Tarehe: ya kusaini, ya kukabidhi saiti, ya kuanza, ya kumaliza, na mwisho wa kipindi cha uangalizi, yaani muda baada ya kupokea kazi ambao mkandarasi bado anadaiwa kurekebisha kasoro. Ongeza siku ulizopewa za kuhakiki hati ya malipo, siku za mwajiri kulipa, na siku ambazo mkandarasi anapaswa kutoa notisi akiwa na dai.

Fedha: bei ya mkataba, malipo ya awali na namna yatakavyorejeshwa, kiwango cha fedha ya zuio (ile inayoshikiliwa kwenye kila malipo), fidia ya kuchelewa kwa siku na kikomo chake, riba ya malipo yaliyochelewa, na kama bei inarekebishwa au haigusiki.

Mamlaka: nani anaweza kuagiza nini. Msimamizi wa mkataba anaweza kukataa kazi mbovu na kuagiza irudiwe. Hawezi kuongeza bei ya mkataba kwa neno lake mwenyewe. Hilo linapita kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, na taratibu za Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024, na kumbukumbu zake ziwekwe kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023.

Karatasi hiyo ibandike ukutani, na nakala mpe mkandarasi. Mnaposoma karatasi moja, ugomvi mwingi hauanzi.

Hakiki pia aliyekuja saiti. Usajili wa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, uwe hai na daraja lake litoshe kazi hii. Makandarasi wa kazi za ujenzi wa kihandisi wana madaraja saba, la kwanza likiwa kubwa kuliko yote. Mhandisi aliyetajwa kwenye zabuni awe ndiye unayemwona uso kwa uso. Halafu mitambo: greda, rola na boza la maji vilivyoorodheshwa kwenye zabuni, viko wapi leo? Mkandarasi akikodi si kosa, ilimradi mkataba unaruhusu. Tatizo ni greda moja ya kukodi inayozunguka saiti tatu, kwako ikafika Alhamisi na kuondoka Jumamosi. Ukiliona hilo wiki ya kwanza, liandikie barua wiki hiyohiyo.

2. Tembea barabara yote kwa miguu

Usitembee kwa gari. Chukua BOQ, futi ya kamba, kalamu na simu yenye picha, uanze kilomita sifuri hadi mwisho. Makadirio ya kazi mara nyingi hufanywa miezi mingi kabla ya mkataba kusainiwa, na masika moja yanatosha kubadilisha sura ya barabara ya udongo. Korongo lililokuwa na upana wa mita moja wakati wa makadirio, leo ni mita tatu.

Muulize anayeishi pale. "Shikamoo mzee, masika maji yanakatiza wapi hapa?" Anayelima mpunga kando ya barabara atakuonyesha alama ya maji kwenye mti na mahali ambapo kalavati la zamani lilizibwa likasahaulika. Andika kilomita ya kila sehemu aliyokuonyesha, uilinganishe na michoro. Ikiwa mchoro umeweka kalavati mita themanini kutoka pale maji yanapopita, huu ndio wakati wa kulisema, siyo baada ya mabomba kushushwa.

Hapa sina lugha ya kupunguza makali: maji ndiyo huua barabara zetu. Magari humalizia tu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikakosa njia ya barabara kwa siku kadhaa. Ile ni barabara kuu ya lami. Barabara ya wilaya yenye kifusi cha sentimita kumi na tano haihitaji kimbunga.

Katika matembezi hayo angalia pia udongo. Ukikuta mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, pima urefu wake. Kumwaga kifusi juu ya mbuga bila kuuondoa au kuinua tuta ni kuzika fedha. Mvua ya kwanza kifusi kinazama. Kama BOQ haina kipengele cha kuushughulikia, mabadiliko ya kwanza ya mkataba wako umeshayajua kabla kazi haijaanza, na una muda wa kuyaombea idhini.

Tazama mwisho vilivyo ndani ya hifadhi ya barabara: nguzo za TANESCO, mabomba ya RUWASA, vibanda, makaburi, miembe. Makaburi yanahitaji mazungumzo na familia na serikali ya kijiji mapema, kwa heshima, na hayafai kuachiwa mkandarasi. Vinavyotakiwa kuhama vihame kabla ya siku ya kukabidhi saiti. Ukimkabidhi mkandarasi saiti yenye bomba la maji katikati, umemkabidhi pia dai la muda na fedha, na atakuwa na haki.

3. Panga kazi kwa kalenda ya mvua

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Zabuni zinatangazwa, zinatathminiwa, mkataba unasainiwa, na mara nyingi mkandarasi anaingia saiti mawingu yakiwa yamekusanyika. Pwani, kaskazini na kanda ya ziwa kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kusini, nyanda za juu kusini na kanda ya kati msimu ni mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili.

Mkandarasi akileta mpango kazi unaoonyesha kumwaga kifusi mwezi Aprili mkoani Tanga, usiupokee. Mwambie aupange upya: makalavati na mitaro vitangulie kiangazi kikiwa bado, tuta lifuate, kifusi kije mwisho. Na asifungue kilomita tano kwa mpigo. Afungue kile anachoweza kukishindilia ndani ya wiki. Udongo uliochongwa ukaachwa wazi, mvua ikiupiga siku mbili, unageuka tope ambalo wanakijiji watalikanyaga mwezi mzima, na wagonjwa wao watabebwa kwa machela kwenye barabara ambayo wiki iliyopita bodaboda ilikuwa inapita.

Njia ya kupita wakati wa kazi iwemo ndani ya mpango, pamoja na vibao, bendera na taa za usiku kwenye mashimo ya makalavati. Usiidhinishe kuanza bila hivyo.

4. Dhamana: piga simu benki mwenyewe

Dhamana ya utendaji na dhamana ya malipo ya awali, karatasi ambazo benki inaahidi kumlipa mwajiri mkandarasi akishindwa, huwa zinaghushiwa. Usihakiki kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi yenyewe. Tafuta namba ya benki kwa njia yako au andika barua makao makuu ya benki hiyo. Malipo ya awali yasitoke kabla jibu la maandishi halijaingia kwenye faili.

Kisha andika tarehe za mwisho wa kila dhamana na bima kwenye kalenda, na uweke kumbusho siku 45 kabla. Kazi zetu huchelewa. Ukiongeza muda wa mkataba bila kuongeza muda wa dhamana, siku ukiihitaji utakuta ilikufa miezi miwili iliyopita.

5. Siku za saiti

Hapa ndipo mkataba unapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuwe na vitabu viwili visivyotoka saiti. Cha kwanza ni shajara: hali ya hewa, mitambo iliyopo na inayofanya kazi, idadi ya watu, kazi iliyofanyika na kilomita yake, wageni, ajali. Cha pili ni kitabu cha maelekezo chenye nakala tatu za kaboni. Ukisema kitu, kiandike, msimamizi wa mkandarasi asaini, uchane nakala yako. Ukiagiza kwa simu ukiwa njiani, thibitisha kwa maandishi siku hiyohiyo. Ujumbe wa WhatsApp unasaidia kumbukumbu, lakini usiufanye uwe ndio agizo lenyewe.

Kisha weka sehemu za kusimama. Ni hatua ambazo mkandarasi haendelei mpaka umekagua na kusaini: shimo la kalavati kabla ya kumwaga zege la chini, nondo kabla ya kufungwa mbao, mabomba kabla ya kufukiwa, kila tabaka la tuta kabla ya tabaka linalofuata, na tabaka la juu kabla ya lami. Mkandarasi aombe ukaguzi kwa maandishi siku moja kabla. Nawe ufike. Msimamizi anayetaka kila kitu kikaguliwe halafu haonekani saiti siku tatu anachelewesha kazi, na mkandarasi akidai muda wake atakuwa sahihi.

*Kifusi.* Tuseme barabara ni kilomita 8, upana mita 6, unene wa kifusi kilichoshindiliwa milimita 150. Zidisha: 8,000 × 6 × 0.15 ni mita za ujazo 7,200. Ndicho unachokwenda kulipa. Lakini kifusi kikiwa kwenye tipa kimelegea. Ukichukua uwiano wa 1.3, ambao ni wa kawaida kwa changarawe, utahitaji mita za ujazo 9,360 zilizolegea, yaani safari 780 za tipa la mita 12. Mwandishi wa saiti akihesabu safari 600, kuna kifusi ambacho hakikufika.

Na huna haja ya kusubiri mwisho. Tipa moja la mita 12, likishashindiliwa, ni kama mita za ujazo 9.2. Kwa upana wa mita 6 na unene wa milimita 150, linafunika urefu wa mita 10 na ushee. Maana yake mirundo inatakiwa kuachana mita 10 hivi. Ukikuta imeachana mita 13, unene umeshashuka hadi milimita 118 hata kabla greda haijagusa. Tembea na futi ya kamba asubuhi wakati mirundo bado imesimama. Ni ukaguzi wa nusu saa, na ndio unaookoa fedha nyingi kuliko wowote ninaoujua. Baada ya kusambazwa na kushindiliwa, chimba vishimo vya kupima unene katikati na pembeni, umbali usiobashirika, mkandarasi akiwepo.

Machimbo nayo yachunguzwe maabara kabla tipa la kwanza halijapakia. Kifusi chenye udongo wa mfinyanzi mwingi kinateleza masika. Chenye mchanga mtupu kinakatika mabati kiangazi, gari linatetemeka mpaka skrubu zinalegea. Machimbo yakibadilika, au mkandarasi akishuka tabaka jingine ndani ya machimbo yaleyale, vipimo virudiwe.

*Ushindiliaji.* Kabla ya kazi yenyewe, fanyeni kipande cha majaribio cha mita 100 au 200. Humo mnajua kwa udongo huu, kwa maji kiasi hiki, rola hili linahitaji kupita mara ngapi kufikia kiwango cha mkataba, ambacho mara nyingi ni asilimia 95 au 98 ya kiwango cha maabara kulingana na tabaka. Baada ya hapo, msimamizi wa saiti ana kitu cha kuhesabu. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa: fundi maabara anachimba tundu dogo kwenye tabaka, anapima uzito na unyevu wa udongo uliotoka, kisha anajaza tundu kwa mchanga ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana, anapata ujazo wa tundu. Wewe ndiye uchague mahali pa kuchimba. Mkandarasi asichague.

Boza la maji ndilo linalodharauliwa. Udongo mkavu haushindiliki hata rola likipita mara ishirini. Chukua udongo mkononi, ukamue: ukishikana bila kuacha maji kiganjani, uko karibu, ukimwagika kama vumbi, simamisha rola mpaka boza lije. Hilo halichukui nafasi ya maabara, linakuonyesha tu wakati wa kusema "subiri".

*Mgongo na mitaro.* Barabara ya kifusi inatakiwa kuwa na mgongo ili maji yashuke pembeni. Kwa mteremko wa asilimia 5 na upana wa mita 6, katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 15. Vuta kamba upime. Mitaro iwe na mahali pa kumwaga. Mtaro usio na mchepuko wa kuyatoa maji ni korongo la mwaka kesho. Kalavati nalo liwe na mteremko, mdomo wa kutokea upangwe mawe, na pale linapomwaga pasiwe shamba la mtu bila makubaliano.

*Zege.* Koni ya kupima ulegevu, na vipande vya mchemraba vya milimita 150 vinavyovunjwa siku ya 7 na ya 28. Andika tarehe na mahali kwenye kila mchemraba ukiwa bado mbichi. Zege linyweshwe maji siku zote zilizotajwa kwenye vipimo vya mkataba, Jumapili ikiwemo.

Jambo jingine la saiti ni usafiri wako. Ikiwa mkataba una kipengele cha gari la usimamizi, litumie, limelipiwa kihalali. Ikiwa hakuna, na unapanda gari la mkandarasi, unajaziwa mafuta na mkandarasi, chakula cha mchana ni cha mkandarasi, basi siku ya kukataa tabaka utakataa nusu nusu. Ofisi itenge mafuta ya usimamizi kabla ya kusaini mkataba. Nimeona miradi yenye fedha za kutosha za kujenga na sifuri ya kusimamia, na sijaona hata mmoja uliotoka salama.

6. Kupima na kulipa

Malipo ya kandarasi ya vipimo hufuata kazi iliyopimwa, hayafuati kazi iliyoandikwa kwenye BOQ. BOQ ikisema mita 240 za mtaro wa mawe na saiti kuna 212, unalipa 212. Karatasi ya vipimo isainiwe saiti, siku ya kupima, na wote wawili, ikiwa na kilomita, urefu, upana, kina na mchoro mdogo wa mkono. Ofisini inaambatanishwa na majibu ya maabara na picha. Hati ya malipo isiyo na viambatanisho hivyo usiisaini, hata ukipigiwa simu na nani.

Mfano wa hesabu, kwa mkataba wa shilingi milioni 800 wenye malipo ya awali ya asilimia 15, yaani milioni 120. Kazi iliyopimwa hadi leo ni milioni 300. Toa fedha ya zuio, asilimia 10: milioni 30. Toa marejesho ya malipo ya awali kwa uwiano wa asilimia 15 ya kazi: milioni 45. Inabaki milioni 225, na humo unatoa hati zilizotangulia. Kosa linalorudiwa ni kuacha marejesho "mpaka hati ijayo" kwa kumwonea mkandarasi huruma. Hati ijayo inakuwa ndogo, ya mwisho ndogo zaidi, na malipo ya awali yanabaki hayajarudi.

Upande wa pili wa sarafu ni sisi. Mkandarasi mdogo aliyekopa benki kununua dizeli anakufa kwa kucheleweshewa malipo. Hakiki hati ndani ya siku za mkataba. Chini ya masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati tangu apokee madai, na mwajiri alipe ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipoyapokea. Mikataba midogo ya ndani ina siku zake. Ziko kwenye karatasi yako ya ukutani. Zikipita, riba inahesabika, na riba kwa makandarasi wa barabara ni hoja inayojirudia kwenye ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kenya malimbikizo ya makandarasi wa barabara yalifika mahali ambapo mwaka 2025 serikali iliamua kutumia shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya kila lita ya mafuta kukusanya shilingi bilioni 175 za kuyalipa. Fedha ya matengenezo ya kesho inalipa kazi ya jana.

Kwa hiyo kila mwezi mpe mhasibu makadirio ya hati zinazokuja miezi mitatu mbele. Ukijua fedha haitatoka, mwambie mkandarasi mapema na kwa maandishi, apange mitambo yake.

7. Mabadiliko na madai

Mpangilio wa mabadiliko ni huu, na usigeuzwe: tatizo liandikwe na kupigwa picha, kiasi kikadiriwe, bei itokane na viwango vya BOQ pale inapowezekana, idhini itoke, agizo la maandishi litolewe, ndipo kazi ifanyike. Tunageuza kwa sababu diwani yuko saiti, mvua inakuja, na kalavati moja linaonekana dogo. Mkandarasi anasema, "Injinia, mimi nitaweka tu, tutaandika baadaye." Baadaye idhini inakataliwa, kalavati liko ardhini, na deni ni la nani? Kwa dharura ya kweli, kama barabara kukatika, pata ruhusa ya haraka ya afisa masuuli hata kwa mistari mitatu, kisha ukamilishe taratibu.

Mkandarasi naye alinde haki yake. Chini ya FIDIC ana siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio linalompa dai. Akinyamaza, dai linapotea. Barua ya nusu ukurasa inatosha kwa kuanzia.

Kuhusu mvua: mvua ya kawaida ya msimu haimpi mtu nyongeza ya muda, kwa kuwa alipoweka bei alijua masika yapo. Mvua iliyopita kiasi inampa. Tofauti hiyo haiamuliwi kwa mabishano. Wekeni kipima mvua saiti, kisomwe kila asubuhi saa tatu, na mlinganishe na kumbukumbu za miaka iliyopita za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kipima mvua ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na dai la miezi miwili.

8. Kazi ikisuasua

Fidia ya kuchelewa ya asilimia 0.1 kwa siku kwenye mkataba wa milioni 800 ni shilingi 800,000 kila siku, na kama kikomo ni asilimia 10 unakifikia siku ya 100. Ikate kwenye hati kadri inavyoingia. Ukiacha ilimbikizwe, hakutakuwa na malipo ya kuikatia.

Onyo lianze kazi ikiwa nyuma kidogo. Kwanza kikao chenye muhtasari, kisha barua ya kutaka mpango wa kufidia muda, kisha notisi kwa mujibu wa kifungu husika. Ikifika kuvunja mkataba, mshirikishe mwanasheria kabla ya barua yoyote, pimeni kazi yote iliyofanyika na vifaa vilivyopo saiti, na madai kwenye dhamana yaingie benki kabla ya tarehe yake kuisha.

9. Kupokea, na masika ya kwanza

Kabla ya kupokea, tembea tena kwa miguu na orodha ya kasoro. Machimbo yawe yamesawazishwa: shimo la kifusi lililoachwa linajaa maji, na watoto wanaochunga mbuzi wanaoga humo na kufa maji. Mimi sisaini kupokea barabara ambayo mashimo yake yako wazi, hata kama lami yake inang'aa.

Nusu ya zuio hutoka wakati wa kupokea, nusu nyingine kipindi cha uangalizi kikiisha, ambacho mara nyingi ni mwaka. Usiende kukagua siku ya mwisho tu. Nenda ukiwa na mwavuli, siku mvua inanyesha, masika ya kwanza. Utaona maji yanaposimama, mtaro unaporudi barabarani, kalavati linalopumua kwa shida. Andika kilomita, piga picha, mpe mkandarasi barua wiki hiyo akiwa bado anadaiwa kurekebisha.

Hesabu ya mwisho ifungwe ikiwa na michoro ya kilichojengwa kweli: kila kalavati na kilomita yake, kipenyo chake, machimbo gani yalitumika sehemu gani, wapi mbuga uliondolewa na kwa kina gani. Toa nakala mbili. Moja ibaki kwenye faili la mkataba, nyingine mkabidhi anayesimamia matengenezo, mzunguke naye barabara nzima siku moja, ukimwonyesha kwa kidole kila kilichofukiwa.